Kitabu cha Ndege cha Kutia Mfukoni

Mume wangu alijifunza mambo ya ndege kwetu Morogoro, si kwao. Alikuwa mmoja wa wakimbizi wa Afrika Kusini waliokaa kambini nje ya mji wetu wakingoja nchi yao ikombolewe, na kungoja kulimla moyo. Ili asiwaze sana alikuwa akiamka alfajiri, anachukua darubini aliyoachiwa na mwalimu mmoja wa kigeni, anazunguka pembezoni mwa mashamba ya mkonge akitazama juu. Mimi nilikuwa nashona sare katika karakana ya hapo kambini. Siku ya kwanza aliyonisemesha alisimama mlangoni, akaonyesha paa, akasema, "Dada, ndege ile imetua." Nilicheka hadi sindano ikanichoma, maana kwa jinsi alivyosema ilikuwa kama eropleni imetua juu ya vichwa vyetu. Nikamwambia aseme "ndege yule ametua". Alishika kwa siku mbili, kisha akarudia kosa lake, na alinioa akiwa bado analo.

Tulihamia Johannesburg mwaka mmoja baada ya watu wao wote kupiga kura kwa mara ya kwanza. Tukapata nusu ya nyumba ya zamani kule Bellevue: vyumba viwili, jiko, na kibaraza cha mbele ambacho kilikuwa chetu peke yetu. Nusu ya pili walikaa Wakongomani, mume na mke, ambao Kiswahili chao na changu vilikutana njiani tukaelewana. Mume wangu akapata kazi ya udereva katika ofisi moja ya serikali. Mimi nikawa naletewa nguo za kurekebisha kutoka duka la sare la Mayfair, nazishona nyumbani. Binti yetu akazaliwa mwaka huohuo.

Sitasema tulikuwa na maisha mabaya. Lakini kwao, alikokungoja miaka kumi na minne, hakukuwa kama alivyokuota. Wazazi walikwisha kufa. Kaka yake alimpokea kama mgeni, akamuuliza amerudi na nini. Watu waliokuwa naye kambini walipata vyeo wakahamia mitaa yenye kuta ndefu, na simu zao hazikupokelewa. Kila jioni alipotoka kazini alikaa kibarazani peke yake, na nikimuuliza anawaza nini, hujibu, "Nasikiliza tu."

Alikuwa na kitabu cha ndege wa kusini, kimechakaa, kurasa zimefungwa kwa mpira wa nywele wa mtoto. Ndege wa mjini walimchosha. Kila asubuhi wale kwarara wakubwa, ambao huko wanawaita hadida, walipita juu ya bati wakipiga makelele kama mtu anayeibiwa, na yeye alivuta blanketi akasema, "Hizo si ndege, hizo ni kengele." Ndege aliyemtaka hakuwa kwenye kitabu hicho. Yuko mmoja anayeishi katika misitu ya juu ya milima ya Uluguru, na hapatikani penginepo duniani: kofia nyeusi, mgongo wa kijani, kifua na tumbo njano. Katika miaka yake yote ya kambini alimsikia mara mbili, hakumwona hata mara moja. Nilikulia chini ya milima hiyo na sikuwahi kusikia habari za ndege huyo mpaka niliposimuliwa na mchumba wa kutoka Soweto.

Binti yetu alipotimiza miaka kumi na moja, mume wangu akatangaza kwamba Desemba tutakwenda kwetu, wote watatu, na safari hii hatuendi kwa msiba wala kwa harusi. "Twende kama watalii," alisema. "Nimekaa kule miaka yote kama mtu anayengoja basi. Sasa nataka kwenda kutazama." Mtoto, ambaye Kiswahili alikielewa lakini alikuwa akijibu kwa Kiingereza au Kizulu, aliuliza kama huko kuna televisheni. Baba yake akacheka. Kwa binti yetu, Morogoro ilikuwa ng'ambo hasa. Kisha mume wangu akasema kuna jambo moja la kufanya kwanza: kununua kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki, kidogo, cha kutia mfukoni, maana mlimani huwezi kubeba mzigo.

Hapo nirudi nyuma kidogo. Miezi ile kulikuwa na mambo ambayo niliyaona na sikuyaona. Alikwaruza gari kwenye nguzo ya lango letu, lango aliloliingia kila siku kwa miaka. Alimimina chai pembeni ya kikombe, akasema birika limeharibika mdomo. Barua alinipa nisome mimi, eti miwani yake imezeeka. Mara moja tulisimama kwenye roboti, kama wanavyoziita huko taa za barabarani, ikawaka kijani naye ametulia tu, mpaka waliokuwa nyuma wakatupigia honi zote kwa pamoja. Nilifikiri ni uchovu. Nilifikiri ni yale mawazo yake ya kibarazani.

Tulikwenda dukani Jumamosi moja ya Agosti, asubuhi ya baridi kavu, moshi wa mioto ya usiku bado umetanda chini. Duka lenyewe lilikuwa kaskazini, ndani ya jengo kubwa la maduka. Yeye aliendesha. Mtoto alikaa nyuma.

Vitabu vya ndege wa kusini vilijaza rafu toka juu mpaka chini. Vya Afrika Mashariki vilikuwa vitatu. Muuzaji, mama wa Kizungu wa umri wangu au zaidi kidogo, miwani imening'inia kifuani kwa mkufu, alivipanga juu ya meza kwa heshima kama anayetandika vitambaa vya bei. Cha kwanza kilikuwa kama tofali. "Hiki kina kila ndege," alisema, "lakini kitahitaji mkoba wake peke yake." Cha pili kilikuwa chembamba, chenye picha za kamera zinazong'aa. Cha tatu kilikuwa cha michoro, kifupi na kinene, ndege saba au wanane wamebanana kila ukurasa, maandishi madogo kama mbegu za mchicha.

Nilijua atachukua cha tatu. Miaka yote alikuwa akisema picha ya kamera inadanganya: inakuonyesha ndege mmoja, siku moja, jua likiwa upande mmoja, wakati mchoraji anakuonyesha ndege kama alivyo siku zote. Lakini alikishika kile cha michoro, akakisogeza puani, akakitenga mbali, akageuka nacho dirishani, kisha akakirudisha mezani haraka. Akachukua cha picha.

"Hiki," akasema. Akakitia mfuko wa koti, akaupigapiga. "Umeona? Kimeingia."

"Na yule wako yumo?" nikamuuliza.

"Yumo, kwa nini asiwemo?" Akakitoa, akafunua kurasa, akasimama mahali, akaweka kidole. "Si hii hapa? Ona kofia yake, nyeusi tii. Ona mgongo. Miaka mingapi nakuambia, mama, na leo ndio unaiona."

Nikainama. Kidole chake kilikuwa juu ya yangeyange. Yangeyange mweupe, miguu mirefu, amesimama majini, hana hata unyoya mmoja mweusi.

Muuzaji, ambaye mume wangu alikwisha kumtajia ndege wake kwa Kiingereza, naye aliona. Akavaa miwani, akafungua mdomo. "Samahani, bwana, nadhani ndege huyo hayumo humu. Hiki kina wale wa kawaida tu..." Nilimtazama nikatikisa kichwa, kidogo sana. Akaenda kutafuta mfuko wa karatasi.

"Ni mzuri," nikamwambia mume wangu.

"Si nilikuambia?" alisema, na furaha iliyokuwa usoni mwake sikuwa nimeiona tangu tuhame.

Kutoka pale dukani mpaka gari lilipoegeshwa nilimfuata nyuma hatua mbili, nikimtazama anavyotembea. Alitembea akiwa amemshika mtoto bega. Siku zote nilidhani ni mapenzi. Mtoto ndiye aliyekuwa akimwongoza, wala mtoto mwenyewe hakujua.

Tulipoketi garini akatia ufunguo. Nikaweka mkono wangu juu ya wake.

"Usiwashe."

"Kuna nini?"

"Ukurasa ule ulikuwa na yangeyange."

Mbele yetu kulikuwa na ukuta wa saruji na namba ya njano, na sote wawili tuliutazama ukuta huo kama watu walio sinema.

"Toka lini, baba?" nikamuuliza.

"Jicho ya kushoto toka mwaka juzi," alisema mwishowe. "Hii nyingine toka Pasaka. Ni kama kuchungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe lina moshi."

"Na unaendesha watu kila siku?"

"Njia nazijua."

"Na roboti?"

"Natazama gari za mbele. Zikienda, na mimi nakwenda."

Nyuma, mtoto alisema kwa Kiingereza, polepole, "Papa, kwani huoni?" Baba yake alichomoa ufunguo, akanipa mimi, ambaye sikujua kuendesha. Tuliliacha gari palepale tukarudi Bellevue kwa teksi, mume wangu akiwa ameshika mfuko wa kitabu magotini kwa mikono miwili. Jioni jirani yetu Mkongomani alikwenda kulichukua. Alirudisha ufunguo akasema tu, "Pole, mama."

Hospitali walisema ni presha ya macho. Tulikaa kwenye benchi toka asubuhi mpaka saa tisa, watu wazima wamekaa kwa safu wakiwa na pamba zimebandikwa usoni. Daktari alikuwa msichana mpole. "Kilichokwenda hakirudi," alituambia. "Tutakupa matone ya kulinda kilichobaki. Ungekuja miaka miwili iliyopita, ningekuwa na maneno mengine."

"Ningekuja miaka miwili iliyopita," mume wangu alisema, "ningekuwa sina kazi miaka miwili iliyopita."

Kazi ilikwisha mwezi huohuo. Ofisini walimfanyia sherehe ndogo, wakakata keki, wakampa zawadi ya saa ya ukutani. Aliileta nyumbani, akaiweka juu ya kabati ikitazama ukuta, na hakuna aliyeigusa. Nilidhani sasa safari imekufa. Nilimwambia tungoje mwaka mwingine, apumzike. Alikuwa kibarazani. Alisema bila kugeuka, "Kama si Desemba hii, mwaka mwingine mtanipeleka kama mzigo."

Basi nikarudi peke yangu duka la vitabu. Kitabu kilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa karatasi. Yule muuzaji alinikumbuka kabla sijafika mezani.

"Bwana amegundua?"

"Alikuwa anajua. Mimi ndiye niliyekuwa sijui." Nikaweka kitabu mezani. "Naomba kubadilisha. Nataka cha mtu ambaye hajui kitu. Mimi ndiye nitakayetazama, nimsimulie."

Alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akaniambia niketi, jambo ambalo katika miaka yangu yote ya mji ule hakuna muuzaji aliyewahi kunifanyia. Alinifungulia lile tofali na kile kidogo cha michoro kwa zamu. Akafunika majina kwa kiganja, akasema, "Niambie unachoona." Nikasema huyu ni mwekundu, huyu kahawia, huyu bluu. Akasema hapana, mume wako anajua rangi zote, mwambie kitu atakachoweza kukishika. Tulijaribu tena. Mara ya nne nikasema, "Huyu ana mdomo kama koleo la seremala." Akatabasamu. "Hiki cha michoro," alisema. "Kila ndege ameelekea upande mmoja, utaweza kuwalinganisha. Na yule wake yumo, ukurasa huu."

Nikamwona. Alikuwa mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kwenye kona ya chini, kofia nyeusi, mgongo kijani. Sijui nilitarajia nini. Nilishikwa na hasira, hasira ya kweli, kwamba ni kitu hiki kilichomkalisha mume wangu kibarazani jioni zote hizo wakati mimi nipo ndani.

Majina yote yalikuwa ya Kiingereza na Kilatini. Hakukuwa na jina hata moja la Kiswahili. Nilipofika nyumbani nikachukua penseli ya kuchorea nguo nikaandika yale niliyoyajua: chozi, mdiria, hondohondo, dudumizi, tetere, mbayuwayu, shorewanda. Baadaye nikafika kurasa ambazo sikuwa na la kuandika. Ndege wale walikuwa wa kwetu, nimewasikia toka utoto, na sisi tuliwaita ndege tu.

Toka Septemba mpaka mapema Desemba alinifundisha. Nilikuwa nikimaliza pindo za sare mchana, kisha tunakaa kibarazani, mjakaranda wa jirani umeshaanza kumwaga maua barabarani, na mimi namsimulia kila kinachotua kwenye waya. Hakuwa mwalimu mpole.

"Usianze na rangi," alisema. "Fundi nguo wewe, kila kitu rangi. Anza na ukubwa. Kubwa kuliko shomoro au ndogo? Kisha mdomo. Kisha inafanya nini. Rangi iwe ya mwisho, rangi inabadilika na jua."

"Mkubwa kuliko shomoro. Mdomo mfupi. Amekaa."

"Amekaa vipi? Wima? Ameinama?"

"Amekaa kama mtu anayeona baridi."

Hapo alitikisa kichwa kuafiki. Lakini siku nyingine nilichoka, nikasema kifua chake ni njano ya kitenge fulani tulichokuwa nacho, na yeye akapiga mkono wa kiti. "Nguo! Nguo! Mimi sikukuomba nguo, nimekuomba ndege." Niliingia ndani nikamwacha. Nilimsikia kupitia dirishani akimwita mtoto aje atazame, na mtoto akijibu kwa Kizulu kwamba ana kazi ya shule. Moyoni mwangu nilimcheka. Baada ya muda nikatoka tena, nikakaa, nikamwambia kwamba ndege ameshaondoka.

Kwetu tulikaa wiki mbili. Mama yangu alilia alipomwona mkwewe akipapasa kiti kabla ya kukaa, akalia kwa sauti bila kujizuia, na mume wangu akabaki amesimama pale sebuleni, mkono uko kwenye kiti, akingoja kilio kiishe. Watu wa kambini walikwisha ondoka siku nyingi. Karakana yangu ilikuwa ghala la chuo. Nilimwambia madirisha yamepakwa rangi mpya. Kweli yalikuwa yamepakwa.

Mlimani tulipanda na mwenyeji mmoja, mtu mzima, aliyezoea kupeleka watalii. Tulilala kwa ndugu zake kijiji cha juu, na kila asubuhi tukaingia msituni, mimi nikimshika mume wangu mkono wa kulia, mtoto mkono wa kushoto, kiongozi mbele. Njia ilikuwa tope. Siku ya kwanza tulipata ukungu. Siku ya pili alianguka akachubuka kiganja, akasema si kitu. Siku ya tatu mvua nyepesi ilikuwa inanyesha, na tulikuwa tumeshakubaliana kimoyomoyo kurudi, wakati kiongozi alipoinua mkono.

Ilikuwa sauti kama mtu anagonga chuma kwa kijiko, juu kabisa ya miti. Mume wangu alinikaza mkono mpaka pete ikaniumiza.

"Ndiyo yenyewe," alinong'ona. "Iko wapi?"

Kiongozi alinyoosha kidole juu. Nilitazama. Nilitia darubini machoni, nikaiondoa, nikaitia tena. Kulikuwa na majani, na nyuma ya majani kulikuwa na majani mengine, na matone yakidondoka kutoka moja hadi jingine. Sauti ikagonga tena, sasa mbali kidogo.

"Mama, unaiona?"

"Namwona," nikasema.

"Sema."

Nikasema. Nilisema ni mkubwa kuliko shorewanda, mdomo mnene, una ndoano mbele. Nilisema amekaa wima kwenye tawi lenye kuvu. Nilisema anatikisa maji mgongoni. Kofia nyeusi, nilisema, nyeusi isiyong'aa, inaishia chini ya jicho. Na tumbo lake ni njano ya samli iliyoganda. Nilianza na ukubwa na nikamalizia na rangi, kama alivyonifundisha. Hajapata kuwa na mwanafunzi bora kuliko mimi asubuhi ile. Alikuwa ameinua uso juu, mvua inamwingia machoni, wala hakupepesa.

"Sasa?"

"Ameruka."

Nilipoteremsha macho nilikutana na macho ya binti yangu. Hakuwa ametazama juu. Alikuwa amenitazama mimi muda wote.

Jioni, kule kijijini, mume wangu aliniambia niandike kitabuni kwa kalamu ya wino, kando ya mchoro: siku, mahali, mvua. Nikaandika. Na tuliporudi Bellevue alimsimulia kila mtu, Mkongomani wa nusu ya pili, muuza mkate wa kwenye spaza, kile kiduka cha kona, hata kaka yake kwa simu. Alisimulia kwa maneno yangu, lile tawi, lile la kutikisa maji mgongoni. Kila aliposimulia mimi nilikuwa na jambo la kufanya jikoni. Nimejiuliza mara nyingi kama nilisema vile kwa kumhurumia au kwa sababu nilikuwa nimelowa na nimechoka na nataka kushuka. Yote mawili yalikuwamo. Sijui lipi lilitangulia.

Tulikaa hivyo miezi sita. Kisha ikaja likizo ya shule ya Juni, baridi imekaza, na binti yetu, sasa miaka kumi na miwili, alitaka kwenda kwenye siku ya kuzaliwa ya mwenzake anayekaa ghorofani kule Berea. Baba yake alikataa.

"Siwezi kukuachia uende mahali nisipopaona," alisema.

"Papa, wewe huoni mahali popote!" Alikuwa amesimama katikati ya chumba, koti ameshavaa. Alisema kwa Kiingereza, neno baada ya neno. "Hata yule ndege hukumwona. Na Mama hakumwona. Hakukuwa na kitu. Alitunga."

Kisha akajishika mdomo akasema, "Eish," kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto aliyedondosha sahani.

Mume wangu hakumkaripia. Alimwambia avue koti. Halafu akaniita mimi, nilikuwa mlangoni pa jiko, akaniambia nilete kitabu.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Hukuona hata majani kutikisika?"

"Majani yalitikisika. Ilikuwa mvua."

Akainama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Nilitaka kumwambia kwamba ndege alikuwepo, kwamba alimsikia kwa masikio yake mwenyewe, na hilo hakuna aliyelitunga. Nililisema hata. Alisubiri nimalize.

"Kata ulichoandika," alisema.

Nikachukua kalamu nikapiga mistari miwili juu ya maandishi yangu.

"Umekata?"

"Nimekata."

Akamgeukia mtoto, upande ule aliokuwa anasikia akivuta kamasi. "Njoo uangalie," alimwambia, "kama mama amekata." Na binti yangu akaja, hakunitazama, akainamia kitabu mikononi mwangu, akasema, "Yebo, Papa. Amekata."

Hatukugombana. Heri tungegombana. Jicho la pili lilikwisha kabla ya Septemba, matone na yote, na mimi ndiye niliyemvalisha, niliyempikia, niliyemkata kucha. Alinishukuru kwa kila kitu. Lakini kitabu kilihamia kwa mtoto. Hakuna aliyempa, nilikiona tu siku moja kwenye begi lake la shule. Akirudi kutoka shuleni alikaa na baba yake kibarazani, na nilikuwa nawasikia nikiwa kwenye cherehani. Mtoto hakujua chochote, wala hakujisumbua kujifunza.

"Kuna kitu kwenye waya, Papa."

"Kubwa kiasi gani?"

"Sijui. Kama chungwa."

"Inafanya nini?"

"Hakifanyi kitu. Kimekaa tu. Sasa kimekunya."

Na mume wangu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya ile Jumamosi ya dukani. Nilisimamisha cherehani, nikasogeza pazia. Ndege alikuwa bado pale, kichwa cheusi, chini ya mkia manjano.

"Ni shorewanda," nikawaambia kupitia dirishani.

"Asante, mama," alisema mume wangu, kwa adabu, jinsi mtu anavyomshukuru mpita njia aliyemwonyesha barabara. Kisha akageuza uso upande wa mtoto, akangoja mtoto afungue kitabu na kutazama.